Sauti Iliyopigwa Pasi

"Huyu anayeongea ni nani?"

Mkasi aliuliza bila kuondoa macho kwenye kompyuta. Mwanaume aliyeonekana kwenye kompyuta alikuwa amekaa hapo hapo pembeni yake, bega kwa bega, ndiyo maana Wakala akacheka.

"Si huyo hapo? Mwenzako."

"Mdomo ni wake, nauona. Nauliza anayeongea."

Kwenye video, Taratibu alikuwa anamimina lugha ya kigeni kama mtu aliyezaliwa nayo. Sauti ilikuwa ile ile yake, nzito, yenye mkwaruzo kidogo kwa chini, ila haikwami popote wala haipumui. Chini ya picha maneno ya kwetu yalikuwa yanapita: *Malkia wangu, rudi nyumbani, bila wewe nyota zimezimika.*

"Na hizo nyota zimetoka wapi?" Mkasi akageuka. "Kisa kinasema 'rudi nyumbani', basi. Hakuna nyota mle."

"Dada yangu, tumeipiga pasi kidogo tu," Wakala akasema. Alikuwa kijana mwenye miwani mikubwa na adabu nyingi, kazi yake kuchukua video za watu wa huku na kuziuza ng'ambo. "Kompyuta inachukua sauti ya kaka mwenyewe, inaitoa mikunjo, inamuongelesha lugha yoyote. Ikibidi inaongeza utamu."

Hebu tuelewane kwanza, maana hapa ndipo moto ulipowashwa. Mkasi na Taratibu wana chaneli ya video, na kila wiki wanakaa kwenye benchi moja la mbao, mmoja mwisho huu na mwenzake mwisho ule, wanaigiza kisa cha mke na mume. Taratibu ndiye anayeandika. Kwenye karatasi anakimbia, lakini mdomoni ana kigugumizi tangu utotoni. Hilo jina walimbandika watoto wenzake shuleni wakimcheka, naye akalichukua akalifanya jina la kazi, kwa ubishi tu. Mkasi ndiye anayekata na kuunganisha picha, kwa hiyo jina lake halihitaji maelezo.

Benchi lao lina sheria moja. Taratibu akikwama, Mkasi hamalizii neno. Anamtazama, anasubiri. Kisa kilichowapa umaarufu kilikuwa cha mume aliyemfuata mkewe kwao, akafika mbele yake, akakwama kwenye "rudi nyumbani" karibu nusu dakika. Mkasi hakukata hata pumzi moja, na watu wazima walilia makazini kwao wakasingizia mafua.

Nje ya benchi walikuwa wapenzi, tena wa muda mrefu, lakini ndoa hakuna. Mama yake Mkasi alikuwa haachi kuwachokonoa. "Mnaoana kila wiki kwenye simu za watu," alikuwa akisema, "kwangu hamfiki."

Basi turudi ofisini kwa Wakala.

"Huko ng'ambo mtu anaangalia video akisubiri lifti," Wakala alikuwa anaeleza. "Kidole chake hakina subira. Mume akinyamaza nusu dakika, atadhani mtandao umekatika, anapita zake. Kwa hiyo toleo refu la kwenye runinga, tumekata kile kimya. Toleo fupi, tumekata kimya na benchi. Toleo la wima, la kwenye simu, tumebaki na uso mmoja."

"Uso wa nani?"

"Wa kaka. Wa mke tumeutoa."

"Na mke anamsubiria wapi, kama hayumo kwenye picha?"

"Hasubiri, dada. Mume ameshasema. Kuna nini tena cha kusubiri?"

Mkasi alifunga kompyuta ya watu kwa kishindo kidogo, si cha kuvunja, cha kueleweka.

"Nimekusikia. Jibu ni hapana. Taratibu, mwambie."

Taratibu alikuwa bado ameshika spika za masikioni, anazizungusha vidoleni.

"M-mimi nimeipenda," akasema.

Mkasi alidhani amesikia vibaya.

"Umeipenda?"

"Ni-nimeisikiliza tangu juzi. N-nimeipenda."

Wakala akaona mlango umefunguka, akaingiza mguu. "Si unaona? Mkataba uko tayari. Jiungeni na wakubwa. Fikirieni, mje kesho kutwa."

*

Kuta za ngazi za jengo lile zilikuwa zimepakwa rangi siku hiyo hiyo, kwa hiyo waligombana wakishuka katikati, hakuna wa kuegemea ukuta.

"Kilemba cha ukoka hicho amekuvika," Mkasi alikuwa mbele. "Mtu anakwambia kaka una sauti nzuri, halafu sauti yenyewe ameitengeneza yeye. Na wewe unachekelea."

"Si-sichekelei."

"Yule si wewe, Taratibu. Yule ni mtangazaji wa mafuta ya nywele."

"Na-naomba nimalize."

"Malizia."

"U-u-" Akasimama kwenye ngazi. Mkasi naye akasimama, akamgeukia, akasubiri kama anavyosubiri siku zote. Na kule kusubiri ndiko kulikomchoma Taratibu zaidi. "Unaona? Hata s-sasa. Unanisubiri vile vile kama kwenye video. Unajua wa-wanavyoandika watu? 'Jamani huyu dada ana moyo.' 'Huyu dada pe-peponi moja kwa moja.' Wewe ni mvumilivu. Mimi ni nani? M-mimi ndiye kitu cha kuvumiliwa."

"Sijawahi kukuvumilia mimi. Nakupenda."

"Umewahi kuniuliza kama nataka ile nusu da-dakika ibaki?"

Mkasi akashuka ngazi moja.

"Wewe ndiye unayekata," Taratibu akaendelea, na mishipa ya shingo imemsimama. "U-unakata kikohozi chako, unakata nywele zako zikikaa vibaya. Kigugumizi changu unakiacha. Unakipenda kuliko mimi ninavyokipenda. Ni changu, Mkasi. Nimekibeba tangu sijui ku-kusoma. Mara moja tu nimesikia ningekuwaje bila hicho. Mara moja. Unaniambia n-nizime."

Mkasi alitaka kujibu kitu kikali, maana ni mtu wa kujibu, lakini kila alichokishika kilikuwa kinamrudia mwenyewe.

"Basi saini," akasema. "Saini, nenda na sauti yako ng'ambo. Mimi kwenye video isiyo na mke sikai."

Akashuka peke yake, na bega la gauni likiwa na rangi nyeupe ya ukutani.

*

Kesho yake asubuhi alikuwa anaanika nguo barazani, anazikung'uta kama zimemkosea, simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, uko na nani hapo?"

"Niko na nguo, mama."

"Kaa chini kwanza. Simu ya mwenzako imeibiwa."

"Nani kakwambia?"

"Aliyeiba. Kaniletea ujumbe wa sauti kwa namba yake. Anataka kukuoa."

Kibanio cha nguo kilimponyoka Mkasi.

"Anasema nini, mama?"

"Mengi. Eti 'mama yangu mpendwa, kwa heshima na taadhima nasimama mbele yako kuomba mkono wa binti yako.' Mkono wa nini? Mtu akija kuoa anachukua mtu mzima, huyu anataka mkono. Halafu akaingia kwenye habari za nyota, mimi hapo nikazima."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Hapo amejitahidi, nisimnyime haki yake. Amemuigiza kabisa. Lakini Taratibu ninayemjua mimi hajawahi kusema 'mama' bila kulipigia hodi kwanza. Huyu kaja mbio mbio kama anauza sabuni. Nikajua tapeli."

"Ukamjibu?"

"Nimejibu inavyostahili. Kidogo niende polisi, nikasema ngoja nikuulize."

Mkasi alikalia beseni lililofunikwa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka jirani akachungulia, halafu kicheko kikabadilika njiani, akajikuta anafuta machozi na soksi mbichi.

"Mama. Hakuna tapeli."

"Unasema?"

"Ni yeye mwenyewe. Wakala ana mashine ya kunyoosha sauti. Taratibu ameandika anachotaka kukwambia, mashine ikasema."

Upande wa pili kimya kikaingia. Mama yake Mkasi si mtu wa kukaa kimya, hata akilala anaongea.

"Nimemwita mwizi," akasema mwishowe.

"Umemwita mwizi mkwe wako."

"Sasa kwa nini asije mwenyewe? Njia anaijua, chai yangu anaijua."

"Kwa sababu ulisema mbele ya shangazi na kila mtu kwamba anayemtaka mwanao aje aseme kwa mdomo wake. Ameogopa kukwama mbele yenu, mama. Miaka yote hii alikuwa anaogopa hilo tu."

"Nilisema kwa mdomo wake," mama akajibu polepole. "Haraka sikusema."

Mkasi alipokata simu, aliandika ujumbe, akafuta, akaandika tena. *Mama ameniambia. Sijakasirika. Tuongee.* Hakujibiwa. Akaandika mwingine: *Ngazini ulisema kweli. Sikuwahi kukuuliza.* Alama zikaonyesha umesomwa. Alianika shuka zote, akazianua zikiwa zimekauka, ndipo simu ikalia.

*Kesho kwa Wakala. Njoo na kompyuta yako.*

Moyo ukamshuka. Mtu anayesema njoo na kompyuta anataka kukabidhiwa picha zake aende. Akapiga moyo konde hata hivyo. Alishaamua atakachosema.

*

Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu juu yake imelazwa vizuri. Taratibu alikuwa ameshafika, amevaa shati lake la kwenye video.

Mkasi hakukaa. "Kabla hamjaanza," akasema, "nina neno na huyu, wewe Wakala sikiliza kama unataka. Taratibu, sauti ni yako. Ukitaka ipigwe pasi, nitakuletea picha zote, sitanuna, na sitakwambia wewe si wewe. Mimi bado siipendi. Lakini kukata au kuacha, tangu leo ni kwako."

Taratibu akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya mkataba, akabonyeza. Sauti ya mama yake Mkasi ikajaa ofisini:

"Wewe tapeli, sikiliza. Mwenye simu hii namjua. Akiniita mama, mimi naacha ninachofanya, nakaa kitini, maana najua kinachokuja kimefikiriwa. Wewe umenimwagia maneno mpaka sikio limejaa, na sijapata hata moja la kubaki nalo. Mrudishie kijana wangu simu yake. Na mwanangu simpi mtu mwenye haraka hivyo, umesikia? Mshenzi wewe."

Wakala alikohoa. "Mama ana msimamo."

"Na-nina swali," Taratibu akasema. "Huko ng'ambo wakitaka kuongea na sisi mo-moja kwa moja. Itakuwaje?"

"Ah, hilo tumeshalipanga. Dada ataongea, mkalimani atatafsiri. Wewe utakuwa unatabasamu. Wakikung'ang'ania, tutasema koo linakusumbua. Watazamaji wameshazoea ile sauti, tukiwachanganya tutaharibu."

"Mpaka li-lini?"

"Mradi video zinaangaliwa, kaka. Miaka, Mungu akijalia."

"Yaani nikiichukua hiyo sauti, mimi m-m-m-"

"Hutaongea, ndiyo," Wakala akamsaidia.

"Usimmalizie," Mkasi akasema.

Taratibu akainua kiganja, akawanyamazisha wote wawili. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Mkasi aliangalia meza badala ya kumwangalia yeye, kwa makusudi, asije akamsubiri kama yule mke wa kwenye video.

"Mimi m-mwenyewe sitasikika tena," Taratibu akamaliza. "Shuleni walininyamazisha bure. Wewe unataka ku-kuninyamazisha kwa mkataba. Sisaini."

"Mnajua mnachokikataa? Kuna watu wangeuza figo wapate meza hii."

"Wa-wauze."

"Bila sauti ile hamfiki popote. Nawaambia kama ndugu. Hakuna mtu wa ng'ambo atakayekaa kumsubiri mtu asiyemjua aseme maneno mawili."

"Basi wapite," Mkasi akasema, akabeba kompyuta yake. "Kidole ni chao."

*

Hawakufika hata nyumbani. Waliingia kwenye chumba chao cha kurekodia, chumba chenyewe ni gereji ya mjomba iliyobandikwa mablanketi ukutani, na Mkasi akaelekea kwenye kiti chake cha kukatia picha kwa mazoea. Taratibu akamuwahi, akakaa yeye.

"Leo na-nakata mimi. Nionyeshe."

Mkasi akasimama nyuma yake, akamwelekeza kwa kidole. Walifungua kile kisa cha "rudi nyumbani". Taratibu alikitazama mara ya kwanza, mara ya pili, akasogeza sauti nyuma na mbele. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Nini?"

"Hapa. Hi-hiki kimya cha pili, ulichokiacha watu wakalia. Hapa sikuwa nimekwama."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"N-nilisahau maneno."

Mkasi alimpiga kofi la bega. "Mimi nililia kwenye hicho kimya. Mama alilia. Shangazi presha ilimpanda."

"Nakikata."

"Kata, mwizi mkubwa."

Akakikata. Kikohozi cha Mkasi akakirudisha, kwa kisasi. Ila kile kimya cha kwanza, cha kweli, kile cha mume mbele ya mke na neno limegoma, alikitazama sana kidole kikiwa kwenye kitufe.

"Hiki ki-kinabaki," akasema. "Si kwa sababu yako. K-kwa sababu mimi ndiye niliyekipigania nikatoka."

"Nimeelewa."

Tafsiri waliifanya kwa maandishi ya chini, kwa msaada wa jirani yao, mwalimu wa lugha za kigeni, mtu mkali aliyekataa katakata habari ya nyota hata kabla hajaombwa. Walipofika kwenye kimya, Mkasi akauliza, "Hapa chini tuandike nini? 'Anafikiri'? 'Kimya'?"

"U-usiandike kitu. Hawahitaji mkalimani hapo."

Kazi ikabaki toleo la wima, lile la kwenye simu, na hili liliwashinda kukata. Benchi lilikuwa refu na picha ya wima ni nyembamba. Ukimweka mume, mke anatoka, ukimweka mke, mume anatoka. Walizungusha, wakasogeza, wakakata, hakuna dawa.

"Tupige upya," Mkasi akasema. Akasimamisha simu wima, akakaa mwisho wake wa benchi. Taratibu akakaa mwisho wake. Kwenye kioo hakuna aliyeonekana, kuna ubao mtupu katikati.

Taratibu akasogea kidogo. Mkasi akasogea. Bado. Wakasogeleana mpaka magoti yakagusana na bega likaingia nyuma ya bega, na hapo picha ikawachukua wote wawili, bila nafasi ya kupenyeza hata karatasi.

"Kumbe inatosha," Mkasi akasema.

"I-inatosha ukikaa vizuri."

Walipandisha matoleo yote wenyewe, kila moja kwenye mtandao wake, bila wakala wala mkataba. Nisikudanganye, dunia haikusimama. Wengi walipita kama walivyotabiriwa. Lakini chini ya ile ya wima, mtu wa nchi ambayo hawakuwahi hata kuifikiria aliandika kwa lugha yake, na jirani mwalimu akawasomea: *Video imeganda?* Na chini yake mtu mwingine, wa nchi nyingine, akamjibu: *Haijaganda. Subiri, anakuja.*

Taratibu aliomba asomewe jibu hilo mara mbili. Wiki iliyofuata Wakala naye akatuma ujumbe: *Nimeitazama mpaka mwisho. Tunaweza kuongea upya, bila pasi?* Mkasi akamjibu: *Jipange kwenye foleni, ndugu yangu. Huku tunasubiriana.*

*

Jumapili, sebuleni kwa mama yake Mkasi, viti vilikuwa vimepangwa kama kuna mkutano. Mama kwenye kiti chake cha mikono, shangazi mkubwa pembeni, chai mezani inatoa moshi. Mkasi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaegemeza simu kwenye birika, imewashwa, inarekodi.

Taratibu aliifikia, akaizima, akailaza kifudifudi.

"Hii ha-hatuipeleki popote," akasema.

Akasimama katikati ya zulia.

"M-m-m-"

Mama akaweka kikombe chini, akarekebisha kanga, akakaa vizuri.

"M-ma-ma-"

Shangazi mkubwa, mwenye roho nyepesi, akafungua mdomo kumsaidia. Mama alimfinya paja mpaka akaruka. "Tulia wewe," akamnong'oneza. "Anakuja."

Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha matone. Chai ikaanza kupoa. Mkasi safari hii hakuweza kuangalia meza wala ukuta, alimwangalia yeye, na alikuwa anaogopa kama vile hajui anachokwenda kuambiwa.

"Mama," Taratibu akasema. "Na-nataka kumuoa mwanao. M-mzima. Si mkono."

Shangazi akaangua kilio papo hapo. Mama hakulia, ila kidevu kilikuwa kinamcheza.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu namjua. Sasa nisikilizeni. Mimi nilipochumbiwa nilijibu kabla mtu hajamaliza sentensi, nikachekwa mji mzima. Leo na mimi nataka kusubiriwa."

Akakunja mikono, akanyamaza.

Akanyamaza kweli. Taratibu alisimama pale pale, jasho linamshuka masikioni, na Mkasi akainuka, akaenda kusimama ubavuni kwake, karibu kabisa, bega nyuma ya bega. Hakuna aliyemmalizia. Mama aliwatazama mpaka aliporidhika, akachukua kikombe, akaonja chai iliyopoa, akakunja uso.

"Mchukue," akasema. "Na siku ya harusi, hotuba yangu asije mtu akaikata."